Paka anapopata kisukari, tiba huanzia kwenye bakuli lake

WATOTO ndio huwa wa kwanza kuona. Mmoja anamwita mama yake bafuni: “Mama, njoo uone, Pusi anakunywa maji kwenye ndoo tena.” Mwingine analalamika kwamba boksi la mchanga la paka, ambalo zamani lilikaa siku mbili bila kunuka, sasa limelowa chapachapa kabla ya jioni.

Watu wazima wanasema ni joto. Wiki zinapita. Paka anakula kuliko zamani, anafuata kila anayefungua friji, lakini ukimpapasa mgongoni unahesabu mifupa. Bibi, ambaye mwenyewe anatumia dawa za kisukari kwa miaka mingi, anamtazama siku mbili tatu kisha anasema: “Huyu ana ugonjwa wangu.”

Familia hii ni ya mfano, lakini dalili hizo ndizo zinazowapeleka paka wengi kwa daktari wa mifugo, na bibi hajakosea. Paka hupata kisukari kama binadamu. Uchunguzi wa paka waliokatiwa bima nchini Uingereza, uliochapishwa mwaka 2007, ulikuta takriban paka 1 kati ya 230 ana ugonjwa huo.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba kwa paka, chakula kina nguvu kubwa kuliko kinavyodhaniwa. Baadhi ya paka waliogundulika mapema, wakaanzishiwa insulini na kubadilishiwa chakula, hufika mahali wakaacha kabisa sindano. Wengine hubadilishiwa chakula kwa pupa, bila kumshirikisha daktari, na kuzimia ndani ya siku chache.

Tofauti ya makundi hayo mawili ndiyo kila nyumba yenye paka inapaswa kuielewa.

Mwili usiozoea wanga

Binadamu anaweza kuishi kwa ugali na maharage. Mbwa naye anajitahidi. Paka ni mla nyama kwa maumbile, na mwili wake umejengwa kwa kazi hiyo tu.

Mate ya paka hayana kimeng’enya cha kuanza kuvunja wanga mdomoni. Kongosho lake hutoa kimeng’enya hicho kwa kiasi kidogo, na ini lake halina kasi ya kuondoa sukari nyingi inayoingia kwenye damu kwa mkupuo. Badala yake, ini la paka hutengeneza sukari kutoka kwenye protini, saa zote, hata akiwa na njaa.

Hata ladha ya sukari haijui. Mwaka 2005 watafiti wa kituo cha Monell kilichoko Philadelphia, Marekani, walionyesha kwamba kinasaba kimojawapo kinachohitajika ili ulimi utambue utamu kimeharibika kwa paka wa nyumbani, na hata kwa simbamarara na duma wa jamii yake. Paka anayelamba keki anafuata mafuta, hafuati sukari.

Paka wanaojitafutia, wale wanaoishi kwa panya, ndege na mijusi, hupata takriban asilimia 2 tu ya nguvu za mwili kutoka kwenye wanga. Zinazobaki zinatoka kwenye protini na mafuta. Linganisha na bakuli la paka wa mjini: ugali na mchuzi wa dagaa, wali uliobaki, mkate uliochovywa kwenye maziwa, au vile vipande vikavu vya dukani ambavyo mara nyingi theluthi moja ya uzito wake ni wanga wa mahindi, ngano au mchele.

Paka mmoja mmoja anaweza kula hivyo miaka mingi bila kuugua. Wanga peke yake haumpi kila paka kisukari. Hatari inapanda pale mambo yanapokutana: unene, umri wa zaidi ya miaka saba, kuwa dume aliyehasiwa, kukaa ndani siku nzima bila kukimbia, na baadhi ya dawa kama zile za jamii ya steroidi. Pusi wa mfano wetu ana miaka tisa, amehasiwa, anaishi ghorofani, na bakuli lake la vipande vikavu halijawahi kuwa tupu. Watoto wanamuongezea biskuti.

Dalili ambazo familia isizipuuze

Dalili kuu ni nne: kunywa maji mengi, kukojoa sana, kula sana na bado kukonda. Paka ambaye hakuwa na tabia ya kukojoa kwenye zulia au kitandani anaweza kuanza, kwa sababu mkojo unamzidi. Wakati mwingine mkojo unanata sakafuni.

Ugonjwa ukikaa muda mrefu, mishipa ya fahamu ya miguu ya nyuma huathirika. Paka huanza kutembea akiwa ameshusha visigino hadi chini, kama anayechuchumaa, na hawezi tena kuruka juu ya kochi.

Akifika mahali hali chakula, anatapika, amelegea na anapumua kwa shida, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Mwili umeanza kuchoma mafuta kwa fujo na kujaza damu asidi.

Ni muhimu pia mzazi ajue kwamba paka anapoogopa, sukari yake hupanda kwa muda. Safari ya bodaboda ndani ya kikapu inatosha kuipandisha. Ndiyo maana daktari makini hatoi hukumu kwa kipimo kimoja cha damu. Hupima na mkojo, au hupima fruktosamini, kipimo kinachoonyesha hali ya sukari kwa wiki chache zilizopita, mfano wa kile cha miezi mitatu wanachopimwa watu.

Wanga kiasi gani?

Mwongozo wa madaktari wa paka wa ISFM, uliotolewa mwaka 2015, unashauri kwamba kwa paka mwenye kisukari, wanga usizidi asilimia 12 ya nguvu zote anazopata kwenye chakula.

Tatizo ni kwamba pakiti nyingi haziandiki wanga. Zinaandika protini, mafuta, nyuzinyuzi, maji na majivu. Mzazi mwenye simu ana kikokotoo, na hesabu hii haimshindi mtoto wa darasa la sita.

Hatua ya kwanza: jumlisha asilimia zote zilizoandikwa, kisha toa kwenye 100. Kinachobaki ni wanga. Kama majivu hayakuandikwa, weka 7 kwa chakula kikavu na 2 kwa chakula cha kopo.

Hatua ya pili: zidisha wanga kwa 3.5, protini kwa 3.5 na mafuta kwa 8.5. Jumlisha majibu yote matatu.

Hatua ya tatu: chukua jibu la wanga, gawanya kwa jumla hiyo, zidisha kwa 100.

Tuchukue pakiti ya chakula kikavu yenye protini 32, mafuta 12, nyuzinyuzi 4, maji 10 na majivu 7. Jumla ni 65, kwa hiyo wanga ni 35. Ukizidisha, wanga unatoa 122.5, protini 112 na mafuta 102. Jumla ni 336.5. Wanga umebeba takriban asilimia 36 ya nguvu zote, mara tatu ya kiwango kinachoshauriwa.

Sasa kopo lenye protini 11, mafuta 5, nyuzinyuzi 0.5, maji 80 na majivu 2. Jumla ni 98.5, wanga ni 1.5. Ukifuata hesabu ile ile, wanga umebeba takriban asilimia 6. Hilo linafaa.

Wazazi wengi hudanganyika hapa. Wanaona protini 32 kwenye pakiti na 11 kwenye kopo, wakadhani pakiti ndiyo yenye nyama nyingi. Tofauti inatokana na maji. Ukiyaondoa maji ya kopo, zaidi ya nusu ya kinachobaki ni protini.

Takwimu za pakiti huwa ni viwango vya chini au vya juu, kwa hiyo jibu ni makadirio. Lakini makadirio hayo yanatosha kutenganisha 6 na 36.

Maneno ya pakiti yasiyosema kitu

“Haina nafaka” si sawa na “haina wanga”. Watengenezaji wengi huondoa mahindi na ngano wakaweka viazi, njegere au muhogo. Hesabu ndiyo inayosema ukweli.

“Chakula cha kupunguza uzito” nacho si lazima kiwe na wanga kidogo. Baadhi hupunguzwa mafuta, na nafasi ya mafuta ikajazwa wanga na nyuzinyuzi.

Hata makopo hayafanani. Yale yenye nyama iliyosagwa na kushikana kama maini ya kusaga mara nyingi yana wanga kidogo. Yale yenye vipande vinavyoogelea kwenye mchuzi mzito mara nyingi mchuzi wake umefungwa kwa unga wa ngano au wa mahindi. Mzazi akisoma orodha ya viambato akakuta wanga au unga umetajwa mapema, alirudishe kopo rafuni.

Kitu kimoja cha lazima ni maneno yanayoonyesha kuwa chakula ni kamili kwa paka mkubwa. Makopo mengine ni ya kitoweo tu, hayana vitamini na madini ya kumtosha paka kila siku.

Nyama ya jikoni je?

Makopo ni ghali, na katika miji mingi hayapatikani kila duka. Swali linalofuata ni la haki: kwa nini asipewe kuku na samaki wa jikoni tu, maana hao hawana wanga?

Kama nyongeza, ni sawa. Kuku wa kuchemsha, samaki asiye na miba, yai lililoiva, moyo wa kuku, vyote vinafaa, bila chumvi na bila viungo. Kama chakula pekee cha kila siku, vina mapungufu yanayoua taratibu.

Minofu ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana. Paka pia huhitaji taurini, ambayo mwili wake hautengenezi ya kutosha, na sehemu yake huyeyuka kwenye maji ya kuchemshia. Mwaka 1987 daktari Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliripoti kwamba upungufu wa taurini ulikuwa ukisababisha moyo wa paka kutanuka na kushindwa kazi, na wengi walipona walipoongezewa. Upungufu huo pia hupofusha.

Ini likitolewa kila siku humzidishia vitamini A hadi mifupa ya shingo ikakakamaa. Samaki mbichi wa aina nyingi huharibu vitamini B1. Dagaa wa chumvi humjaza chumvi. Vitunguu maji na vitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu yake, kwa hiyo mchuzi wa nyumbani ni mwiko. Mifupa iliyopikwa hupasuka na kuchoma utumbo.

Utaratibu unaokubalika na wengi ni kwamba vitu vya jikoni visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku. Familia inayotaka kumpikia paka moja kwa moja iende kwa daktari wa mifugo na kurudi na mpango ulioandikwa, wenye kirutubisho cha kalsiamu, taurini na vitamini.

Kama mfuko unaruhusu kopo moja tu kwa siku, daktari anaweza kupanga kopo hilo na kipimo kidogo cha chakula kikavu chenye wanga wa chini kinachopatikana. Paka mnene akipunguza uzito polepole, mwili wake huanza kuitikia insulini vizuri zaidi. Polepole maana yake ni kati ya nusu na asilimia 1 ya uzito kwa wiki. Paka wa kilo 6 apungue gramu 30 hadi 60 kwa wiki, si zaidi.

Paka mchaguzi hasusiwi

Nyumba nyingi hukwama hapa. Kopo limenunuliwa kwa bei, limefunguliwa, limewekwa. Paka analinusa, anafukua sakafu kwa kucha kama anayefukia kinyesi, anaondoka. Baba anasema: “Muacheni, njaa itamfundisha.”

Kwa mtoto au mbwa usemi huo unaweza kupita. Kwa paka, hasa mnene, unaweza kumuua. Akikaa siku mbili au tatu bila kula, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kulijaza hadi linashindwa kazi. Macho na ufizi hugeuka manjano. Kumrudisha huchukua wiki nyingi za kulishwa kwa mpira.

Kwa hiyo paka mchaguzi habadilishwi kwa njaa. Anabadilishwa kwa hatua.

Kwanza, bakuli la saa zote liondolewe. Apewe chakula chake kile kile cha zamani, lakini kwa mlo, asubuhi na jioni, na kiondolewe baada ya nusu saa. Paka anayefika mezani na hamu hujaribu vitu.

Pili, kijiko kimoja cha chakula kipya kiwekwe kando ya cha zamani, kwenye sahani pana isiyogusa sharubu zake. Wala kisichanganywe siku ya kwanza. Anayenusa tu leo, kesho atalamba.

Tatu, chakula kipashwe moto hadi kiwe vuguvugu kama mwili wa panya aliyekamatwa sasa hivi, takriban nyuzi 38. Kopo lililotoka kwenye friji halina harufu, na paka anakula kwa pua kabla ya ulimi.

Nne, vipande vikavu vichache vitwangwe kwenye kinu na kunyunyizwa juu kama chumvi. Maji ya samaki aliyechemshwa bila chumvi wala kitunguu nayo husaidia.

Tano, akishakubali, kipya kiongezwe na cha zamani kipunguzwe kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10. Wapo wanaohitaji mwezi mzima. Asiyekula kabisa kwa saa 24 arudishiwe chakula chake cha zamani na daktari apigiwe simu.

Kuna paka aliyekataa kilichosagwa lakini akakubali vipande, na aliyekataa samaki akakubali kuku. Kununua kopo moja moja la aina tofauti ni akili kuliko kununua katoni.

Mzazi ajihadhari na jambo jingine: paka aliyekuwa na hamu na ghafla akawa mchaguzi anaweza kuwa anaumwa meno, figo au tumbo. Huyo anahitaji kuchunguzwa kwanza.

Hatari kubwa: chakula kipya, insulini ile ile

Turudi kwa Pusi. Daktari amethibitisha kisukari na kuagiza insulini mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12, pamoja na mlo. Kipimo kimepangwa paka akiwa anakula chakula chenye wanga asilimia 36.

Mama anasoma mahali kwamba wanga ndio adui. Ijumaa anatupa pakiti yote na kufungua kopo. Pusi analipenda. Jumapili mchana watoto wanamkuta chini ya meza, anatetemeka, anayumba kama mlevi, haitiki.

Sindano ni ile ile, lakini sukari iliyokuwa ikisubiriwa na sindano hiyo haipo tena. Damu imebaki bila sukari, na ubongo unaishi kwa sukari.

Hapo dakika zina maana. Akiwa na fahamu na anaweza kula, apewe chakula mara moja. Akiwa amelegea, apakwe asali au maji mazito ya glukosi kwenye ufizi kwa kidole, kidogo kidogo. Akiwa na degedege, mtu asiingize kidole kati ya meno yake, apake upande wa nje wa ufizi tu. Kisha apelekwe kwa daktari hata kama ameamka, kwa sababu insulini bado inafanya kazi na anaweza kuanguka tena. Sindano inayofuata isitolewe hadi daktari aseme.

Ndiyo maana kanuni ni hii: paka anayetumia insulini habadilishiwi chakula kabla daktari hajajua. Mara nyingi kipimo hupunguzwa na sukari hupimwa kila siku katika kipindi hicho. Kinyume chake pia ni kweli. Paka aliyekataa kula asubuhi asichomwe kipimo kizima kwa mazoea.

Familia zenye kipima sukari cha bibi zinaweza kufundishwa na daktari namna ya kutoboa ukingo wa sikio la paka na kupata tone la damu. Ijulikane tu kwamba vipimo vya watu mara nyingi husoma chini kidogo ya sukari halisi ya paka, kwa hiyo daktari ndiye apange namba za kufuata.

Dawa za bibi si za paka

Nyumba yenye mgonjwa wa kisukari ina kishawishi chake. Insulini ipo kwenye mlango wa friji, vidonge vipo kwenye kabati. “Si ugonjwa ni huo huo?”

Ugonjwa unafanana, kipimo hakifanani. Paka huanza na uniti moja au chini ya hapo kwa mara moja, kiasi ambacho kwa mtu mzima si kitu. Kosa la uniti mbili kwake ni kubwa.

Sindano nazo zina aina zake. Insulini nyingi za watu ni za uniti 100 kwa mililita, na baadhi za wanyama ni za uniti 40. Kila moja ina bomba lake lenye mistari yake. Kuvuta insulini ya uniti 100 kwa bomba la 40 kunampa mgonjwa mara mbili na nusu ya kipimo chake. Wakati mwingine daktari huandika kwa paka insulini ileile ya watu, na hilo ni sawa akiandika yeye, pamoja na bomba linalolingana.

Chupa ya paka ikae kwenye boksi lake, limeandikwa jina lake, rafu tofauti na ya bibi. Sindano zilizotumika ziwekwe kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, mbali na watoto.

Kuhusu watoto, swali wanalouliza kila mara lina jibu rahisi. Kisukari hakiambukizi. Kumbeba Pusi hakumpi mtoto ugonjwa.

Si kila paka anafaa chakula hiki

Chakula cha wanga kidogo huwa na protini nyingi. Paka mzee mwenye ugonjwa wa figo anaweza kuhitaji chakula chenye fosforasi kidogo na protini iliyopimwa, na mafuta mengi yanaweza yasimfae mwenye matatizo fulani ya tumbo. Vipimo vya figo na ini vifanyike kabla ya kununua makopo ya mwezi mzima.

Madaktari wa mifugo hufundishwa tiba ya paka pia, si ng’ombe na kuku tu. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na Chuo Kikuu cha Nairobi, pale Kabete, huandaa madaktari hao. Wilayani, ofisa mifugo anaweza kumuelekeza mzazi kwa daktari wa karibu anayetibu wanyama wa nyumbani.

Matumaini yapo

Katika utafiti wa paka 63 wenye kisukari, uliochapishwa mwaka 2006, baada ya wiki 16 asilimia 68 ya waliokula chakula cha kopo chenye wanga kidogo hawakuhitaji tena insulini. Kwa waliokula chakula chenye wanga wa wastani na nyuzinyuzi nyingi, walikuwa asilimia 41.

Si wote, na si lazima idumu. Paka aliyeacha sindano bado ana mwili wenye udhaifu ule ule, na biskuti za watoto zinaweza kumrudisha alikotoka. Lakini familia inayohesabu gharama ya sindano za miaka mingi ina sababu ya kulipa kopo leo.

Kabla ya kwenda kwa daktari, mzazi apige picha maandishi yote ya nyuma ya pakiti anayotumia. Aandike paka anakula gramu ngapi kwa siku na anakunywa maji kiasi gani, ampime uzito kwa kupanda naye kwenye mizani na kutoa uzito wake mwenyewe. Aulize maswali matatu: abadilishe chakula kwa siku ngapi, insulini ipungue kiasi gani wakati huo, na namba ipi ya sukari ni ya kupiga simu usiku.

Nyumbani kwa Pusi, kazi imegawanywa. Mama anachoma sindano saa 1 asubuhi na saa 1 jioni. Mtoto mkubwa anapasha chakula na kupima kwenye mizani ya jikoni. Mdogo amepewa kazi ya kuangalia ndoo bafuni na kusema kama paka ameirudia. Biskuti zimehamishiwa kabati la juu, na bibi, ambaye naye ameambiwa apunguze ugali, anasema angalau sasa hapunguzi peke yake.